Mpeni mchezaji zamu yake

Maonyesho mengi yanayokutanisha bendi ya jazi na mchezaji wa ngoma wa utamaduni mwingine huharibika kwa namna ileile. Mchezaji akiruka, mpiga dramu anapasua toazi. Akiinama, saksafoni inashuka naye. Mara ya kwanza watazamaji hushangilia. Ikifika mara ya tano wanajua kinachokuja. Huitwa kazi ya kubuni papo hapo, lakini kinachofanyika pale ni kuigana.

Mimi nasema mchezaji apewe alichonacho mpiga tarumbeta: zamu ya solo, yaani ya kuongoza peke yake, zamu ya kutulia, na haki ya kuivuta bendi anakotaka. Kwa jazi yenyewe hili ni jambo la zamani. Pale Savoy Ballroom, mtaa wa Harlem, New York, ukumbi uliofunguliwa 1926, bendi ya Chick Webb ilipigia watu waliokuwa wakicheza mbele yake, na mpigaji aliyepoteza mwendo aliumbuliwa na miguu yao. Wagonga viatu, wachezaji wanaotoa mdundo kwa viatu vyao, kama Baby Laurence, walipokezana na wapiga dramu vipimo vinne vinne (hapa kipimo ni fungu la mapigo manne) kama chombo kingine chochote. Baadaye njia za jazi na uchezaji zikaachana kwa sababu nyingi, mojawapo ya kihasibu kabisa: 1944 serikali ya Marekani ilizitoza kumbi za dansi na uimbaji kodi ya asilimia 30, ikaishusha hadi 20 mwaka huohuo. Mwenye klabu aliyeruhusu watu wakae tu wasikilize alipata nafuu. Sisi ambao kwa neno moja, ngoma, tunataja chombo, mdundo, uchezaji na shughuli yote, tuna kila sababu ya kuuona utengano huo kuwa kituko.

Sasa tuje kwenye kazi. Tuseme mchezaji wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, anakutana na kundi la piano, besi, dramu na saksafoni. Kikwazo cha kwanza ni umbo la wimbo. Wimbo wa jazi wa kawaida una vipimo 32, mafungu manne ya vipimo vinane, na fungu la tatu lina sauti tofauti na mengine. Kwa mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, mzunguko wote unakwisha kwa sekunde 38 hivi. Mpiga jazi huusikia kichwani hata vyombo vikinyamaza. Mchezaji wa ngoma amelelewa kwingine: mdundo unazunguka mpaka ngoma kuu iite, ndipo hatua zibadilike. Basi anabadili katikati ya fungu, bendi inadhani amepotea, naye anadhani bendi imepuuza wito wake. Kila upande unarudi nyumbani ukisema wenzao hawasikilizi.

Dawa yake ni miguu, maelezo hayasaidii sana. Bendi ipige wimbo polepole, na wote, wapigaji kwa zamu wakiwemo, watembee: fungu la kwanza kuvuka jukwaa, la pili kurudi, la tatu kukata kona, la nne kurudi tena njia ya mwanzo. Baada ya nusu saa kona ile inakaa mwilini. Kama siku za mazoezi ni mbili tu, achaneni na vipimo 32. Chukueni bluzi ya vipimo 12, ambayo kwa mapigo 120 huchukua sekunde 24, au mzunguko mfupi usiokatika, kama sebene, na ngoma ndiyo itoe wito wa kubadilisha.

Kikwazo cha pili ni “moja”, yaani pigo la kuanzia kuhesabu, iko wapi. Mapigo mengi ya ngoma hugawanyika kwa tatu, na mwendo wa kuyumba wa jazi (swing) nao uko karibu na tatu, kwa hiyo hapo pana mlango mpana. Tatizo ni kwamba mgeni huisikia ngoma kubwa ya chini akadhani ndiyo mwanzo, kumbe mguu wa mchezaji unatua kwingine. Msibishane. Ngoma zote zinyamaze, mchezaji akanyage peke yake, bendi ipige makofi pamoja na nyayo zake mpaka ikae sawa. Mpiga besi ashike nyayo hizo, pigo kwa hatua, halafu ngoma zirudi juu yake. Wakianza na ngoma, watahesabu kinyume wiki nzima.

Njuga nazo zina lao. Sauti yake ni ya juu na kali, palepale linapolia toazi la mpiga dramu. Vikipigwa pamoja kinabaki kelele kama ya mvua kwenye bati, na hatua hazisikiki. Mpiga dramu ashike brashi badala ya fimbo, au ahamie ngoma za chini kila njuga zinapofanya kazi. Akae pia mahali anapoona miguu, maana anayeona kiuno peke yake hupokea habari kwa kuchelewa. Na nyaya zisipite anapocheza mtu asiye na viatu, jambo linalosahaulika kila mara.

Wapo watakaosema masharti haya yanaua uhuru, na wana mfano mzuri. 1980 jijini Paris, mpiga gitaa Mwingereza Derek Bailey na mchezaji Mjapani Min Tanaka walifanya kazi ambayo hakuna aliyemfuata mwenzake. Mvua juu ya paa nayo ilisikika kama mshiriki. Tanaka huyohuyo alicheza na mpiga piano wa jazi Cecil Taylor kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, 2016, Taylor akiwa na miaka 87. Lakini Tanaka na Taylor walikuwa wamefahamiana kazini kwa miaka mingi. Kundi lililokutana Jumatatu likapanda jukwaani Ijumaa halina akiba hiyo, na likiambiwa “fanyeni mnalotaka” kila mtu hujificha katika alichozoea.

Kilichobaki ni mwisho, na hapo ndipo hata kazi nzuri huvuja. Mchezaji anatulia akidhani wamemaliza, piano inaona ukimya, inaujaza, dakika tano zinaongezeka bure. Kubalianeni miisho mitatu kabla ya kupanda: wito wa ngoma kuu, vyombo kutoka kimoja kimoja mpaka ibaki besi, na mchezaji kuweka visigino vyote viwili chini akageukia bendi. Fundi wa taa afundishwe miisho hiyo pamoja na wengine, asije akazima katikati ya solo ya mtu.