Mahiwa: mnara wa kumbukumbu, lakini wa nani?

Makaburi ya Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini, hayana ubishi. Waliolala pale ni askari wa JWTZ waliofia Msumbiji miaka ya 1980 katika mapambano na waasi wa RENAMO. Taifa liliwatuma, taifa linawaenzi, viongozi huenda kuweka mashada.

Mahiwa, mkoani Lindi, mambo si mepesi hivyo. Oktoba 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck na ya Waingereza yalipigana hapo siku nne mfululizo. Mjerumani alikuwa na askari wake Waafrika, Mwingereza alikuja na Wanigeria na KAR (King's African Rifles, jeshi lake la askari Waafrika wa Afrika Mashariki), na nyuma ya wote walikuwepo wapagazi. Je, hawa nao wajengewe mnara?

Wanaokataa wana hoja nzito, nzito kuliko ile ya kwamba fedha zikajenge zahanati (jiwe lenye maandishi halimalizi bajeti ya zahanati). Misheni ya Nyangao, jirani kabisa na Mahiwa, ilichomwa na wapiganaji wa Maji Maji mwaka 1905. Mjerumani alijibu kwa askari haohao Waafrika, wakateketeza mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu. Leo mjukuu wa aliyechomewa ghala aambiwe askari yule ni shujaa wake? Nandete kule Kilwa, vita hiyo ilikoanzia, ina mnara wa Maji Maji, na wengine wanaona huo unatosha.

Mimi nakubaliana nao kuhusu askari. Kuhusu wapagazi, hapana. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, wakabebeshwa risasi na unga wa watu wengine, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Kosa hilo lisirudiwe Mahiwa.

Kwa hiyo jiwe liwepo, bila sanamu na bila kumwita mtu shujaa. Lieleze kilichotokea: nani alipigana na nani, na nani alilazimishwa kubeba. Majina ya wapagazi wengi hayatapatikana tena, basi vichongwe vijiji walikotolewa, na nafasi iachwe kwa familia zinazowakumbuka watu wao. Maneno yenyewe yajadiliwe kwanza kwenye mkutano wa kijiji, kabla halmashauri haijamleta fundi.