Hoteli ya Moana na maji ya Waikiki

Mgeni akifika Waikiki, ufukwe wa Honolulu huko Hawaii, ataambiwa aipitie hoteli ya Moana hata kama hana mpango wa kulala humo. Ndiyo kongwe kuliko zote pale ufukweni: ilifunguliwa Machi 1901 ikiwa na vyumba 75, dola moja na nusu kwa usiku. Wapo Wahawaii wazawa ambao sifa hizi zinawaumiza. Wakisema, huambiwa wanachukia wageni. Naona hawajasikilizwa.

Wanaoipenda hoteli wana hoja nzito. Jengo limetunzwa, nguzo zake nyeupe zimesimama, na barazani kuna viti vya kubembea vinavyotazama barabara. Uani upo mti wa banyani uliopandwa 1904, mizizi ikining'inia kutoka matawini hadi kugusa ardhi na kugeuka shina jipya. Ni katika ua huo, mwaka 1935, kipindi cha redio cha Hawaii Calls kilianza kurushwa, na muziki wa visiwa ukafika nchi za mbali. Tena sheria ya Hawaii inaufanya ufukwe kuwa wa umma, kwa hiyo asiye na pesa ya chumba anapita mbele ya hoteli bila kumwomba mtu ruhusa. Yote hayo ni kweli.

Ila simulizi hiyo inaanzia katikati. Waikiki maana yake ni maji yanayobubujika. Vijito vya mabonde ya Manoa na Palolo vilikuwa vikishuka mpaka pale, vikinywesha mashamba ya magimbi, na baadaye ya mpunga, vikijaza mabwawa ya samaki. Ardhi ile ililisha watu kwa karne nyingi. Wakubwa wakaiita kinamasi, mazalia ya mbu. Kati ya 1921 na 1928 ukachimbwa mfereji wa Ala Wai: vijito vikakatwa njiani, udongo uliochimbwa ukafukia mashamba, na mashamba yakawa viwanja vya kuuza. Fikiria mahali panaponyang'anywa kitu kilekile kilichopapa jina! Na maji hayakukoma kushuka milimani, yalibadilishiwa njia tu. Mwaka 2006, bomba kuu la majitaka lilipopasuka wakati wa mvua kubwa, galoni milioni 48 za uchafu zilimwagwa katika mfereji huo, nao unatiririkia bahari ileile ambayo watu husafiri maelfu ya kilomita kuja kuiogelea. Mchanga wenyewe unaliwa na mawimbi, ikabidi mara kwa mara uongezwe. Mzawa anayeyajua haya hawezi kuuona ufukwe ule kama mgeni auonavyo, na sioni chuki iko wapi hapo.

Haki itendeke: Moana haikuchimba mfereji, iliutangulia kwa miaka ishirini. Lakini Malkia Liliuokalani, aliyeitawala Hawaii, alipinduliwa 1893, Marekani ikavitwaa visiwa 1898, na miaka mitatu tu baadaye hoteli ikafungua milango. Anayetaja 1901 akaacha 1893 amemkata mwenye nyumba nje ya picha.

Simzuii mtu kwenda. Aende, akae barazani, auguse mti ule. Nawaomba wanaowatembeza wageni waongeze kipande kimoja cha safari, ambacho hakina kiingilio. Mbele ya hoteli, ng'ambo ya barabara ya Kalakaua, inaanza barabara ya Kaiulani. Jina ni la binti wa kifalme aliyekuwa mrithi wa kiti cha Liliuokalani. Makazi yake, Ainahau, yalikuwa upande huo, na alifariki 1899 akiwa na miaka 23, hoteli ikiwa bado haijafunguliwa. Ukiifuata barabara yake kuipa bahari kisogo, si mwendo mrefu, unatokea kwenye mfereji.