Diski Isiyo Yangu Yanidai Nafasi

Jirani yangu wa hapa Umoja, mwalimu mstaafu, alitajiwa bei ya diski mpya na fundi mmoja wa katikati ya jiji, kwa sababu kompyuta yake ilikuwa ikimwonya kila baada ya dakika chache kwamba diski E imekaribia kujaa. Mwalimu hajawahi kuweka hata barua moja katika diski E, wala hakujua kwamba anayo, lakini onyo lilikuwa jekundu, na fundi alikuwa na sura ya daktari anayeleta habari mbaya.

Diski hiyo haikuwa diski. Ilikuwa patisheni ya uokoaji ya Windows, yaani sehemu iliyokatwa ndani ya diski ileile ya kompyuta, yenye megabaiti zipatazo 500, ambayo mfumo hujitengea wenyewe ili kuhifadhi programu za kuikarabati kompyuta inapokataa kuwaka. Imejaa kwa sababu iliundwa ijae. Kwa kawaida haipewi herufi ya kuitambulisha, kama C au E, hivyo mtumiaji haioni. Lakini ikipata herufi, mfumo huihesabu kuwa mahali pa kuwekea mafaili na kuanza kumlaumu mwenye kompyuta kwa kukosa nafasi. Huyu ni mwenye nyumba anayerundika magunia yake katika chumba ulichokodi, kisha anakuandikia notisi kwamba chumba kimejaa.

Jambo hili si geni. Sasisho la Windows 10 la Aprili 2018, lile la toleo 1803, liliwaletea watu wengi duniani herufi wasiyoiomba pamoja na maonyo yake. Tunaambiwa tuiondoe, nasi tunaiondoa: unafungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa kuandika amri, kwa mamlaka ya msimamizi, unaorodhesha sehemu zote, unaichagua ile ndogo, unaandika amri ya kuondoa herufi, na amani inarejea. Kisha sasisho kubwa jingine linaweza kuja, likaiunda upya patisheni hiyo au likavuruga alama zake, na E ikarudi kana kwamba hukusema lolote.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Mwenye kompyuta amekwisha kuamua kwamba hataki kuiona patisheni hii, na uamuzi wake si wa kupuuzwa kila mfumo unapojipamba upya. Dawa ya kudumu ipo, lakini tazama ilivyofichwa: katika diski za GPT, mtindo mpya wa kuzigawa diski, unatakiwa kuirudishia patisheni kitambulisho chake cha uokoaji, ambacho ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, kisha uipe sifa iliyoandikwa 0x8000000000000001, yaani 8, sifuri 14, halafu 1, na ile 8 ndiyo inayouambia mfumo usiigawie herufi. Katika diski za zamani za MBR kitambulisho ni 27 tu. Mstaafu wa Umoja ndiye anayetarajiwa kuzihesabu hizo sifuri, katika dirisha jeusi lisiloonyesha huruma, akijua kwamba akichagua diski isiyo yake na kuandika neno lisilofaa atapoteza picha za wajukuu. Swichi moja katika mipangilio ya kawaida, yenye maneno ya kueleweka, ingemaliza shughuli yote, lakini inaonekana swichi ni anasa.

Nakubali, bila furaha, kwamba patisheni yenyewe ina kazi. Mnamo Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho KB5034441 ili kuziba tundu la usalama lililomwezesha mtu aliyeishika kompyuta yako kuukwepa ulinzi wa BitLocker, ule unaoifunga diski kwa msimbo wa siri, kupitia mazingira hayo ya uokoaji, na tundu la namna hiyo lilistahili kuzibwa. Lakini katika kompyuta ambazo patisheni yake ilikuwa ndogo mno, sasisho liligoma na kutoa kosa 0x80070643, na ushauri uliotolewa ukawa mtumiaji aiongeze patisheni megabaiti 250 kwa kuandika amri kwa mkono. Waliopima nafasi ile ni wao. Waliotumwa kuipanua ni sisi.

Wapo wanaoshauri kuificha E kupitia rejista, ile hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, jambo ambalo huiondoa machoni tu, au kuzima maonyo yote ya nafasi, jambo ambalo litakuacha gizani siku C, diski yako kuu, itakapojaa kweli.

Ushauri mbaya kuliko yote ni ule wa kuifuta, ambao mafundi wetu wanaupenda kwa sababu unaonekana ni wa haraka. Ukishaifuta, siku Windows itakapokataa kuwaka utahitaji flashi yenye mfumo mzima, na fundi yuleyule atakuwa nayo, kwa bei. Kabla ya kukubali diski mpya, mwombe afungue Disk Management, programu ya Windows inayoonyesha sehemu zote za diski, mbele yako na akuonyeshe ukubwa wa hiyo E. Ikiwa haifiki hata gigabaiti moja na imeandikwa kuwa ni ya uokoaji, iondolewe herufi, iachwe ilipo, nawe ushike kompyuta yako urudi nyumbani.