Arseny Tarkovsky hakuwa mvumilivu, alizibwa mdomo tu

Kuna stori kuhusu mshairi wa Kirusi Arseny Tarkovsky ambayo watu wanapenda kuirudia, kwamba mzee alikaa kimya miaka na miaka akitafsiri mashairi ya wengine, akakomaa taratibu, halafu mwaka 1962 akiwa na miaka 55 ndo akatoa kitabu chake cha kwanza, na kikawa moto. Stori tamu kweli. Mimi naikataa, tena kwa hasira kidogo, maana inageuza ukatili kuwa malezi.

Kwa wanaomjua kama baba yake Andrei tu, yule dairekta wa filamu ya Stalker: alizaliwa 1907 Yelisavetgrad, mji ambao siku hizi unaitwa Kropyvnytskyi na uko Ukraine. Akaenda Moscow kijana, akawa anaandika makala za kejeli kwenye Gudok, gazeti la watu wa reli, kwa jina la bandia Taras Podkova. Mwaka 1932 aliandikia redio mchezo kuhusu utengenezaji wa kioo, yaani mambo ya kiwanda kabisa, sijui kilimpata nini, akamwingiza Lomonosov, mwanasayansi aliyekufa karne ya 18, anaongea kutoka kaburini. Weee! Wakubwa wakaja juu, mambo gani ya mizimu haya. Baadaye mshairi mwenzake Georgy Shengeli, aliyekuwa mhariri kwenye shirika la uchapishaji la serikali, akamvutia upande wa tafsiri, na hela ya kula ikapatikana.

Hiyo kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anayejua Kiturkmeni, lugha ya Waturkmeni wa Asia ya Kati, anachukua shairi, anaandika maana ya kila mstari kwa Kirusi kikavu, neno kwa neno, hakuna vina hakuna mizani, labda pembeni anaongeza kamaelezo kwamba hapa vina vimekaa hivi na huyo ndege ndo mpenzi anayelia. Makaratasi hayo (wenyewe waliyaita podstrochnik) yanapewa mshairi wa Moscow ambaye hata salamu ya Kiturkmeni hajui, naye anayafinyanga mpaka yawe shairi la Kirusi linaloimbika, na malipo yanahesabiwa kwa mstari. Kwa mtindo huo Tarkovsky akawaweka kwenye Kirusi kina Magtymguly na Kemine wa Waturkmeni, Vazha-Pshavela wa Georgia, Sayat-Nova wa Waarmenia, Al-Ma'arri yule kipofu wa Shamu, na utenzi mrefu wa Wakarakalpak, watu wengine wa Asia ya Kati, kuhusu wasichana arobaini wanaopigana vita. Kirusi changu mimi ni cha skolashipu, kilinichosha sana, lakini hata mimi nasikia kwamba jamaa alikuwa fundi, mstari unatembea wenyewe.

Ila yeye mwenyewe hakuwa na furaha nayo. Ana shairi linaitwa Mtafsiri ambamo analia kwamba tafsiri za mashariki zinamuumiza kichwa, na anajiuliza kwa nini miaka yake bora aliiuza kwa maneno ya watu wengine. Sasa mtu amesema hivyo mwenyewe, kwa mdomo wake, halafu wewe unakuja kuniambia tafsiri ilimkomaza?

Angalia tarehe basi. Vita ilipokuja aliomba kwenda mstari wa mbele, akapelekwa kwenye gazeti la jeshi, na Desemba 1943 akapigwa risasi mguuni, kidonda kikaoza, wakakata, wakakata tena, mguu ukaenda. Mke wake wa pili Antonina ndo alipambana mpaka akafikishwa Moscow akatibiwa. Akapona, akakusanya mashairi yake, na mwaka 1946 kitabu kilikuwa kimeshapita kwa wahariri na kimeshapangwa tayari kuchapwa. Agosti mwaka huo huo chama cha Kikomunisti kikatoa azimio la kuwaponda mshairi Akhmatova na mwandishi Zoshchenko, kila mchapishaji akaogopa kivuli chake, na kitabu kikafia hapo hapo. Alikuwa na miaka 39. Kwa hiyo alikuwa tayari zamani tu, mlango ndo ulifungwa, na kuanzia hapo mpaka 1962 ni miaka 16 ambayo hakuna mtu wa kuirudisha.

Na usidhani kwenye tafsiri alikuwa salama. Mwaka 1949, Stalin akikaribia kutimiza miaka 70, Tarkovsky akapewa kazi ya kutafsiri mashairi ambayo mzee huyo aliyaandika kwa Kijojia ujanani. Hebu fikiria uko mezani na hayo makaratasi. Ukiyaboresha umemdharau mwandishi, ukiyaacha yalivyo umemwaibisha. Bahati yake Stalin mwenyewe akakataa, kazi ikafutwa, na nadhani hiyo ndo tafsiri pekee aliyofurahi kunyang'anywa.

Kuna upande mwingine ambao hauguswi sana, nao ni wale waliotafsiriwa. Mkarakalpak wa kawaida utenzi wake ulifika duniani ukiwa umevaa koti la Moscow, na yule bwana au bibi aliyekesha akiandika ile karatasi ya neno kwa neno mara nyingi jina lake halikuonekana popote. Kwa hiyo mshairi kaibiwa muda, na yule mwenye lugha naye kaibiwa jasho, halafu serikali inapiga picha ya undugu wa mataifa.

Mwaka 1962 kitabu kikatoka, Kabla ya Theluji, nakala 6,000, Akhmatova akakisifia. Mwaka huo huo mtoto wake Andrei akashinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, na tangu hapo baba akaanza kufunikwa. Kwenye Kioo, filamu ya Andrei, unamsikia baba akisoma mashairi yake kwa sauti yake. Lile la mikutano ya kwanza linasomwa huku mama wa kwenye filamu amekaa analia, na mama huyo ni picha ya Maria Vishnyakova, mke wa kwanza na mama yake Andrei, ambaye Arseny alimwacha na watoto wawili mwaka 1937. Wanaoijua familia wanasema shairi lenyewe lilikuwa la mwanamke mwingine kabisa, Maria Falz, mpenzi wake wa kule Yelisavetgrad. Andrei kalichukua tu kalibandika juu ya machozi ya mama yake. Mimi sijui kama ni kisasi au ni zawadi, ila kila nikiiangalia ile sehemu namwonea huruma yule mama kuliko mshairi.

Kama unataka kumsoma usianzie kwenye filamu. Tafuta mashairi yake ya vita na yale ya miaka ya arobaini, yale yale yaliyotakiwa kutoka 1946, halafu uniambie ni wapi hapo alikuwa bado hajakomaa.