Mafuta ya nazi yana mahali pake

Bibi yangu alinipaka mafuta ya nazi kabla ya kuniosha nywele, si baada. Tui zito la kwanza alilichemsha kwa moto mdogo mpaka maji yakauke na mashapo yawe ya kahawia, akachuja kwa kitambaa, akamimina kwenye chupa ya soda. Asubuhi ananipaka, mchana ananiosha.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa sahihi. Unywele ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, na kila safari hupoteza protini kidogo. Utafiti wa Rele na Mohile uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli. Ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu huo kwa kiasi cha maana. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye molekuli fupi zilizonyooka zinazopenya hadi ndani ya unywele. Watafiti hao walikuwa waajiriwa wa kampuni ya India inayouza mafuta hayohayo, na msomaji aliweke hilo akilini. Hata hivyo, kwa nywele kavu za kipilipili, mimi nimeridhika.

Wanaoyatetea mafuta haya kwa kuwa ni ya asili wana sababu nyingine ninayoiheshimu. Wameona ngozi za dada zao zikichubuliwa na mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni, wakakimbilia kitu wanachokijua tangu kikiwa juu ya mnazi.

Shida huanza pale neno "asili" linapogeuka ruhusa ya kupaka popote. Mwenye mba huambiwa apake mafuta hadi ngozi ya kichwa iloe. Fangasi wanaohusika na mba, Malassezia, chakula chao ni mafuta! Magamba yatalainika siku mbili, mtu adhani amepona, kisha muwasho urudi palepale. Usoni napo mafuta ya nazi huziba vinyweleo. Mpwa wangu alisukwa twende kilioni, akawa anapaka kila jioni; baada ya wiki chache vipele vidogo vikajipanga kwenye paji la uso, vikiufuata mstari wa nywele kama vilivyochorwa kwa rula. Tulibadilisha sabuni mara tatu kabla ya kuitazama chupa ya mafuta. Alipoacha, paji lilisafika.

Kingine ni mafuta ya mzeituni, ambayo wazazi wengi huyaamini kwa kumkanda mtoto mchanga. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliyajaribu kwenye ngozi za watu wazima kwa wiki kadhaa: yalidhoofisha tabaka la juu linalozuia maji yasipotee, na baadhi ya ngozi zikawa nyekundu. Ya alizeti hayakufanya hivyo. Alizeti ileile iliyoshindwa kwenye nywele imeshinda kwenye ngozi, wala hakuna ajabu, maana unywele umekwisha kufa na ngozi i hai. Kama watu wazima yaliwafanya hivyo, ngozi ya kichanga nisingeijaribu.

Kwa mtoto mwenye ukurutu ningechagua mafuta ya mgando yasiyo na manukato, hata kama yanatokana na petroli. Ni ya bei ndogo, hayaozi, na hakuna mafuta ya mmea yanayoyafikia kwa kuzuia maji kutoka kwenye ngozi.

Na jua? Hapo sina mizani ya kupima. Hakuna mafuta ya mmea ya kutegemewa kuzuia mionzi, na kwa mwenye ualbino kosa la kuyategemea huweza kuishia kwenye saratani. Ndiyo maana Moshi hutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa ajili yao.

Yangu ya nazi nayaweka bafuni. Nywele nazipaka saa chache kabla ya kuosha. Mwili naupaka ukiwa bado na majimaji, kwa sababu mafuta hayaleti maji, huyafungia tu yaliyopo. Uso siupaki.