Kiapo ambacho Llywelyn hakukila

Tarehe 13 Oktoba 1278, katika mji wa Worcester, Uingereza, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, alimwoa Eleanor de Montfort. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza ndiye aliyemkabidhi bibi harusi mlangoni mwa kanisa kuu, na gharama za karamu alizibeba yeye. Lakini siku hiyohiyo, kabla misa haijaanza, mfalme alimletea bwana harusi barua na kumtaka aipige muhuri: kwamba hatamhifadhi katika nchi yake mtu yeyote ambaye mfalme hamtaki. Llywelyn akapiga muhuri, kisha akaingia kanisani kufunga ndoa. Miaka minne baadaye, alipokuwa akimweleza Askofu Mkuu John Pecham wa Canterbury sababu za vita, barua ile ilikuwa bado inamkaa rohoni. Alisema aliitia muhuri kwa hofu.

Kuna njia mbili za kulisoma tukio hilo, na ndizo njia mbili za kuisoma historia nzima ya kuanguka kwa Wales. Wapo wanaosema Llywelyn alijiponza mwenyewe: alipewa heshima ambayo hakuna mtawala wa Wales aliyewahi kutambuliwa nayo na taji la Uingereza kabla yake, akaichezea, na pale Worcester alikuwa anavuna alichopanda. Wapo wanaosema Edward alimbana hatua kwa hatua mpaka akakosa pa kupumulia, na barua ya siku ya harusi ni sampuli tu ya ubanaji huo. Nimelitazama jambo hili kwa muda mrefu, na naona kila upande una miaka yake. Wa kwanza una haki kuhusu 1274 hadi 1276. Wa pili una haki kuhusu yaliyofuata, na hayo ndiyo yaliyoua.

Tuanze na heshima yenyewe. Tarehe 29 Septemba 1267, kwa usuluhishi wa Kardinali Ottobuono, mjumbe wa papa, Mfalme Henry wa Tatu alitia saini mkataba wa Montgomery. Alimtambua Llywelyn kuwa mtawala wa Wales, na karibu mabwana wote Wawelisi wakawekwa chini yake. Cheo chake kwa Kiwelisi ni tywysog, yaani aongozaye. Magazeti yetu hukitafsiri kuwa “mwanamfalme wa Wales”, na hapo msomaji hupotoshwa, maana Llywelyn hakuwa mwana wa mfalme yeyote. Baba yake, Gruffudd, alikufa mwaka 1244 akijaribu kutoroka kifungo katika Mnara wa London: kamba aliyoitengeneza kwa mashuka ilikatika, akaanguka. Mtoto wa mtu aliyekufa hivyo haitwi London akaenda kwa moyo mweupe.

Heshima ya Montgomery haikuwa ya bure. Bei yake ilikuwa marki 25,000 (marki ni kipimo cha fedha cha zama hizo), na baada ya malipo ya mwanzo alitakiwa kulipa marki 3,000 kila mwaka. Nchi aliyoitawala ilikuwa ya milima, ng'ombe na kondoo, na nafaka yake ya kutegemewa ilitoka kisiwa cha Môn, ambacho Waingereza hukiita Anglesey na Wawelisi wenyewe hukiita mama wa Wales. Fedha za namna ile zilipatikana kwa kuwakamua watu. Mwaka 1283, Llywelyn akiwa tayari kaburini, watu wa Gwynedd, eneo la kaskazini-magharibi lililokuwa kiini cha utawala wake, waliorodhesha malalamiko yao juu ya utawala wake: tozo mpya, kazi za lazima, desturi zilizovunjwa. Ni kweli orodha hiyo iliandikwa chini ya jicho la washindi. Hata hivyo siwezi kuitupa. Mtawala aliyekuwa akilipa deni la aina hiyo, akijenga ngome mpya ya Dolforwyn na wakati huohuo akipigana na Gilbert de Clare, bwana wa Kiingereza wa mpakani, kule kusini kwa ajili ya Caerphilly, lazima aliwachosha watu wake.

Henry alikufa 1272. Edward alirudi kutoka vita vya msalaba na kutawazwa Agosti 1274. Kwa desturi ya zama hizo, Llywelyn alipaswa kwenda kwa mfalme mpya, kupiga magoti na kula kiapo cha utii. Hakwenda. Aliitwa mara tano. Mwaka 1275 Edward alisafiri mwenyewe hadi Chester, mlangoni kabisa mwa Wales, akamngoja. Llywelyn alikuwa Treuddyn, mwendo usiofika siku moja kutoka hapo, na mnamo 11 Septemba akamwandikia Papa Gregory wa Kumi kueleza kwa nini asingeweza kufika.

Sababu zake hazikuwa za kubuni. Mwaka 1274 mdogo wake Dafydd, pamoja na Gruffudd ap Gwenwynwyn, bwana wa Powys katikati ya Wales, walipanga kumuua. Theluji nzito ndiyo iliyoharibu mpango. Wote wawili walikimbilia Uingereza na Edward akawapokea. Kwa hiyo Llywelyn alikuwa anaitwa kuapa mbele ya mtu aliyewakaribisha waliotaka kumchinja. Kuhusu deni, alisema fedha zipo tayari na zitalipwa mfalme atakapouheshimu mkataba kwa upande wake. Mwishoni mwa 1275 mambo yakazidi kuharibika, meli iliyombeba mchumba wake Eleanor ilipokamatwa baharini na bibi huyo akawekwa chini ya ulinzi. Eleanor alikuwa binti wa Simon de Montfort, mwasi aliyeuawa Evesham mwaka 1265 na jeshi la Edward mwenyewe. Kwa Edward, ndoa ile ilionekana kama uasi unaozaliwa upya.

Pamoja na yote hayo, nasema Llywelyn alikosea. Kiapo hakikuwa kudhalilishwa. Mkataba wa Montgomery, uliompa cheo chake chote, ulisimama juu ya kiapo hicho. Kukikataa kulikuwa kukata tawi alilokalia. Isitoshe, fedha na kiapo ndizo kadi pekee alizokuwa nazo mkononi, na kuzishikilia dhidi ya mfalme kijana, tajiri, aliyetoka vitani, halafu ukadhani atachoka kwanza yeye, ni hesabu mbaya. Mnamo Novemba 1276 Edward alimtangaza kuwa mwasi.

Vita vya 1277 ndivyo vinavyoutetea zaidi upande wa kwanza. Jeshi la Edward lilipofikia kilele lilikuwa na askari wa miguu wapatao 15,600. Kati yao, kama 9,000 walikuwa Wawelisi. Zaidi ya nusu! Waliokwenda kumwangusha mtawala wa Wales wengi wao walisema Kiwelisi: watu wa kusini, watu wa Powys, watu wa mabwana wa mpakani, na Dafydd ndugu yake akiwa nao. Kikulacho ki nguoni mwako. Dola ya Llywelyn ilikuwa na umri wa miaka kama 20 tu. Aliianza 1255 pale Bryn Derwin, alipowashinda ndugu zake wawili kwa siku moja, na mkubwa wao, Owain, akamfunga gerezani zaidi ya miaka 20. Sheria ya Wales iligawa urithi kwa wana wote wa kiume, na yeye alijenga umoja kwa kuwanyima ndugu zake sehemu zao. Sioni angeujengaje kwa njia nyingine, lakini kila ndugu aliyenyimwa alikuwa silaha inayomsubiri Edward aiokote.

Edward hakuhitaji hata pigano kubwa. Alipeleka meli na wavunaji kisiwani Môn, wakavuna nafaka yote ikiwa shambani. Milima ya Eryri, kimbilio la Llywelyn, ikabaki na ngome bila chakula. Kwa mkataba wa Aberconwy, Novemba 1277, Llywelyn alirudishwa magharibi ya mto Conwy, akaachiwa cheo chake na utii wa mabwana wachache tu.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekubaliana na wanaomlaumu Llywelyn. Haikuishia hapo, na miaka mitano inayofuata ndiyo wachambuzi wengi huipita mbio wakikimbilia kifo chake. Llywelyn alikula kiapo. Alilipa. Mnamo Oktoba 1281 alifanya mapatano ya amani na Roger Mortimer, mmoja wa mabwana wakubwa wa mpakani. Hizo si nyendo za mtu anayenoa upanga.

Alichotaka ni kesi moja isikilizwe. Alidai kantrefi, yaani wilaya, ya Arwystli kutoka kwa Gruffudd ap Gwenwynwyn, yuleyule aliyetaka kumuua. Mkataba wa Aberconwy ulisema wazi kwamba migogoro ya ardhi za Wales itaamuliwa kwa sheria ya Wales. Gruffudd akataka ihukumiwe kama ardhi ya bwana wa mpakani, kwa sheria ya Uingereza. Kesi ikaahirishwa, ikatumwa kwa makamishna, ikaahirishwa tena. Llywelyn alitoa hoja ambayo hadi leo naiona haina jibu: chini ya mfalme mmoja, Wagaskoni wana sheria zao Gascony, Waskoti zao Uskoti, Waayalandi zao Ayalandi na Waingereza zao Uingereza, na jambo hilo halipunguzi taji bali linalikuza. Kwa nini Wawelisi wasiwe na zao? Edward akajibu kwamba kiapo cha kutawazwa kinamtaka aondoe sheria mbaya. Maana yake, mfalme ndiye angeamua ni kipande kipi cha sheria ya Wales kinastahili kuitwa sheria.

Anayemtetea Edward atasema mfalme yeyote wa karne ya 13 angefanya hivyo, na sheria ya kale ya Wales ilikuwa na mambo yaliyowakera hata maaskofu, kama mtoto wa nje ya ndoa kurithi sawa na wengine. Ni kweli. Lakini angalia ni nani aliyewasha moto wa 1282. Hakuwa Llywelyn. Alikuwa Dafydd, kipenzi cha Edward, aliyepewa ardhi na mke Mwingereza kwa huduma yake. William Venables, Mwingereza, alimshtaki katika mahakama ya Chester kuhusu ardhi ya Hope, na Dafydd akasimama mahakamani akatangaza kwa sauti kwamba ardhi ile ni ya Wales na lazima ihukumiwe kwa sheria ya Wales. Mkesha wa Jumapili ya Matawi, Machi 1282, aliishambulia ngome ya Hawarden. Katika siku chache nchi ikawaka hadi Aberystwyth. Mtu aliyemsaliti kaka yake kwa ajili ya Edward aligeuka kwa jambo lilelile lililomtesa kaka yake. Hapa ndipo hoja ya kwamba tatizo lilikuwa tabia ya Llywelyn inaponishinda kuamini. Ndugu wawili waliochukiana, tabia mbalimbali, wakagonga ukuta mmoja.

Llywelyn alimwambia Pecham kwamba hakujua mpango ule. Vyovyote vile, aliingia vitani. Mnamo Juni Eleanor alifariki akimzaa binti, Gwenllian. Mwezi Novemba askofu mkuu alipanda mwenyewe Eryri kutafuta suluhu, na akamletea Llywelyn pendekezo la siri: aiachie Edward nchi, naye apewe ardhi ndani ya Uingereza yenye mapato ya pauni 1,000 kwa mwaka. Dafydd angekwenda vita vya msalaba na asirudi mpaka aruhusiwe.

Hapo alikuwa na njia ya kuokoa shingo yake. Akaikataa, akasema hawezi kuwatelekeza watu wake. Tarehe 11 Desemba 1282 aliuawa karibu na Cilmeri, mbali na jeshi lake, na kichwa chake kikapelekwa London kutundikwa kwenye Mnara uleule aliofia baba yake. Dafydd aliuawa Shrewsbury mnamo Oktoba 1283. Gwenllian alipelekwa angali mchanga kwenye nyumba ya watawa ya Sempringham, Uingereza, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1337. Edward alijenga Conwy, Caernarfon na Harlech, na kwa Amri ya Rhuddlan ya 1284 akaleta sheria ya jinai ya Uingereza, huku akiacha desturi ya kugawa urithi kwa wana wote, ila watoto wa nje ya ndoa wakaondolewa.

Pendekezo la Novemba 1282 halikujibiwa na Llywelyn peke yake. Watu wa Eryri nao walimjibu Pecham, watu walewale ambao mwaka uliofuata wangelalamika juu ya tozo zake. Walisema kwamba hata kama mtawala wao angetaka kumkabidhi mfalme nchi, wao wasingemlia kiapo mgeni ambaye lugha yake, desturi zake na sheria zake hawazijui.