Bila Malipo, Ila Uje na Fagio

Mwenzenu nimekuwa mtaalamu wa Kiswahili bila kukanyaga chuo. Nimegundua kwamba "bure" na "bila malipo" ni vitu viwili tofauti. Bure ni bure. Bila malipo, kama hii elimu ya watoto wetu, maana yake hulipi, unachangia.

Sikilizeni. Jumapili, saa nne na nusu usiku, nimeshavua shati, nimeshamwagia miguu maji, naelekea kitandani. Shani wangu wa darasa la nne ananijia na ile sauti ya chini, sauti ya mtoto mwenye msiba mkononi.

"Baba, mwalimu kasema kesho twende na fagio la chelewa, ndoo ndogo, na elfu moja ya mtihani."

"Kasema lini?"

"Jumatano."

Tangu Jumatano! Mtoto huyu huyu akiambiwa na bibi yake kuna pilau Jumamosi, nyumba nzima inajua ndani ya dakika mbili. Sasa fagio la chelewa saa nne na nusu, huku kwetu Mbagala, nalipata wapi? Nikaenda kugonga kwa jirani, Mama Mwajuma. Nikamkuta naye yuko macho, fagio mkononi, ana hasira kuliko mimi, maana Mwajuma yuko darasa hilo hilo na kasema saa hiyo hiyo. Fagio moja, watoto wawili. Tukalifungua, tukagawana chelewa sawa kwa sawa kama mirathi. Kesho yake Shani kaniambia mwalimu alilitazama, akauliza kama ni fagio au mswaki.

Na nikiwa pale kwa Mama Mwajuma, nahesabu chelewa, simu ikaita. Namba siijui. "Haloo?" Sauti ya mtoto: "Fundi, limevunjika." Vicheko. Ikakatwa. Mwezi wa tatu sasa napigiwa hivyo. Nilidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wamebadilisha mbinu, sasa wanaajiri watoto.

Tuendelee na habari ya bila malipo. Msinione mjinga, waraka ninao. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ule uliofuta ada na michango, ukaanza kazi Januari 2016. Nimeuhifadhi kwenye simu, pale ambapo wenzangu wanahifadhi picha za harusi. Nikaupeleka kwa mwalimu mkuu, nikamwonyesha kifungu. Mwalimu mkuu ni mama mtaratibu sana, hagombi. Akafungua mtoto wa meza, akatoa waraka wake, Namba 3 wa mwaka 2016: sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Tukabaki tunarushiana waraka kama mashehe wanaobishana mwezi umeandama au haujaandama.

"Na mlinzi?" nikauliza. "Na uji? Na karatasi za mtihani? Hizo ziko kifungu gani?"

Akachukua kalamu, akanipigia hesabu ambayo natamani asingenipigia. Ruzuku ya serikali kwa shule, anasema, ilipangwa kwenye MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002: shilingi 10,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Wakati ule hizo zilikuwa dola 10 hivi. Dola zimepanda zimekwenda zake, elfu kumi imebaki pale pale kama mzee wa baraza. Na humo humo 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shuleni inashuka 6,000. Gawa kwa siku 194 za masomo.

Nikagawa. Shilingi 31 kwa siku.

Ndugu zangu, kwa shilingi 31 muuza karanga hakugeukii. Andazi ukilitaka kwa shilingi 31 utaruhusiwa kulinusa. Na katika hizo itoke chaki, ukarabati, michezo, karatasi za mtihani na uendeshaji wa ofisi. Nikarudisha waraka wangu mfukoni, nikatoa ile elfu moja. Niliitoa kwa hiari, kama ilivyoandikwa kwenye risiti.

Kilichonichoma roho zaidi ni darasa lenyewe. Kiwango ni watoto 45. Darasa la Shani wako 163. Nimewahesabu? Hapana, nani anaweza? Wanakwenda haja, wanarudi wengine. Mwalimu wao, binti mdogo, sauti imemkauka kama konda wa Kariakoo, hawezi kujua majina 163. Anaita, "Wewe mwenye sweta!" wanasimama sitini. Daftari la Shani la hesabu lilipata vema mwezi wa tatu, likaja kupata vema nyingine mwezi wa tano. Simlaumu. Mimi nina watoto wawili na nikiwa na hasira naanza kuita jina la mbuzi.

Na wanakaa chini. Sketi ya bluu inarudi nyuma ina ramani ya Afrika nzima, hadi Madagaska. Sabuni ya kufulia nayo haimo kwenye waraka wowote. Na mimi, msisahau, ni fundi seremala! Karakana yangu iko barabarani, watu wanatoka Kigamboni kuja kuagiza makabati, mwanangu anaandikia magotini.

Kaka yake yuko kidato cha kwanza, shule ya kata. Huyo ana mateso ya aina nyingine. Kwanza daladala. Nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, kwa hiyo konda akiona shati jeupe kituoni anapatwa na upofu. "Wanafunzi wawili tu!" na wako arobaini. Siku hizi anaondoka amevaa jaketi langu hadi magotini, anakunja sura, analipa nauli ya mtu mzima. Yaani nalipa zaidi ili mtoto aonekane hasomi.

Halafu akifika, lugha imebadilika. Miaka saba kafundishwa kwa Kiswahili, usanisinuru ameushika vizuri, anaweza kukueleza jani linavyopika chakula mpaka ukasikia njaa. Kavuka darasa la saba tu, kila kitu Kiingereza. Jani ni lile lile, jua ni lile lile, lakini sasa hawaelewani. Nilimuuliza juzi umejifunza nini leo. Akasema, "Baba, sijajua bado."

Basi kikaitishwa kikao cha wazazi, Jumamosi. Shule ina watoto zaidi ya 1,900, wazazi tulifika kama 70, na wanaume tulikuwa sita, mmoja alikuja kumfuata mkewe ampe ufunguo. Ajenda: mlinzi, uji, madawati, mengineyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa koti.

Ilipofika madawati nikasimama. Nikaanzia mbali, kama inavyotakiwa. Nikawakumbusha mwaka 2016, Rais Magufuli alipoagiza hadi tarehe 30 Juni asiwepo mtoto anayekaa chini. Nikawakumbusha Bunge lilivyotoa shilingi bilioni 6 za kununulia madawati. Nchi nzima ilinuka randa na vanishi! Sisi mafundi hatukulala! "Sasa naomba kuuliza," nikanyanyua kidole, "hayo madawati yako wapi? Nani kayala?"

Makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Mke wangu, safu ya tatu, aliinamisha kichwa. Anaijua sauti hiyo.

Mwalimu mkuu hakugombana. "Baba Shani, karibu nyuma ya jiko uone."

Tukaenda kikao kizima. Nyuma ya jiko kuna lundo, miguu juu, kama ng'ombe waliokufa kwa ukame. Mengine yamepinda, mengine yameachia ubavuni, mpishi wa uji anachomoa kipande kimoja kimoja kuwashia moto. Sasa hapo ufundi ukanipanda kichwani.

"Oneni!" nikasema. "Mbao mbichi hizi! Paini haijakauka hata wiki! Imekaukia humu humu darasani, ndiyo maana imepinda. Na misumari, fundi kaitia kwa kunyunyiza kama chumvi ya hotelini. Huyu si fundi, huyu ni mhujumu! Atafutwe, aletwe hapa mbele ya wazazi!"

"Tumemtafuta sana," mwalimu mkuu akasema. "Aliacha namba ya simu. Tukipiga hapokei, na watoto wakipiga anawatukana."

Akageuza dawati moja. Chini ya ubao kulikuwa na namba imechomwa kwa msumari wa moto. Biashara ni matangazo, si ndiyo? Mwaka ule nilipewa oda ya madawati 40, siku tisa. Mbao ukipigilia zinakurushia maji usoni. Nikaona, tarehe 30 Juni haisubiri mbao ikauke. Hata nikayasahau.

Nikataka kusema kitu kuhusu unyevu wa pwani. Lakini mwalimu mkuu alishavaa miwani, anabonyeza tarakimu moja moja, anaisoma kwa sauti, na wazazi wanamfuatisha kama watoto wa awali.

Mfukoni mwa koti langu ikaanza kulia taarabu.

Nimewahi kufiwa, nimewahi kufilisika, lakini ukimya ule sijaukuta popote. Taarabu ikaimba ubeti mzima. Mzee mmoja akasema, "Pokea basi, huenda ni dharura." Nyuma ya ukuta wa jiko vikasikika vicheko vya watoto, vile vile vya saa nne usiku, na cha Shani kimo.

Mwenyekiti wa kamati akafungua daftari la kumbukumbu. "Madawati," akaandika, "fundi amepatikana."

Mke wangu akatoa tarehe kabla sijafungua mdomo. Naanza Jumatatu, baada ya kipindi cha mchana, hadi yaishe. Nikavuta pumzi, nikamuuliza mwalimu mkuu habari ya misumari na gundi, shule itanisaidiaje.

Akanitazama kwa upole ule ule. Akasema kazi hii ni bila malipo, kwa hiyo nije navyo.